Tuanze na maji ndo tuhesabu miche

Hotuba kwa wazazi, walimu na wadhamini, shule ya msingi, wilaya ya Ilemela, Mwanza

Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wetu wa mtaa, mwalimu mkuu, wageni wetu kutoka kiwanda cha samaki, wadhamini wetu wa miti, wazazi wenzangu, na nyie watoto mliokaa hapo mbele juani, mwangaluka! Wazee wangu shikamooni. Nimepewa nafasi kama mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira, nimeambiwa niwashukuru wadhamini alafu nikae, na nitawashukuru kweli maana wamekuja wenyewe, hawajatuma mtu na bahasha, lakini hili jambo la miti mashuleni linaniuma sana, na leo wenye hela na wenye watoto wamekaa sehemu moja, kwa hiyo nitalisema lote.

Sote tunajua inavyokuwaga. Inakuja gari na miche mia tano, wanashuka watu na tisheti za kijani, bango linafungwa getini, mgeni rasmi anapanda mche wa kwanza, watoto wanapiga makofi, picha zinapigwa, soda zinanywewa, watu wanaondoka. Mwezi wa tisa ukipita shule hiyohiyo unakuta vijiti vimekauka na viriba, ile mifuko myeusi ya miche, vinapeperuka uwanjani. Sitaji mtu wala kampuni, na wala sisemi walikuwa na nia mbaya, mtu mwenye nia mbaya hahangaiki kubeba miche mpaka huku kwenye mawe. Ila mti haujui nia ya mtu, unajua maji.

Angalieni tarehe zenyewe. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni, dunia inaiadhimisha tangu 1973, ni siku nzuri na mimi naipenda, lakini hapa kwetu tarehe 5 Juni masika imeshakwisha. Unauchukua mche uliozoea kivuli cha kitalu na kumwagiliwa asubuhi na jioni, unaufukia kwenye kichanga chetu hiki, alafu haijapita muda shule zinafungwa kwa likizo, na kiangazi ndo kwanza kinaanza. Juni, Julai, Agosti, na Septemba karibu yote. Hata mwarobaini, na ugumu wake wote, ukiwa na mizizi ya urefu wa kidole utakufa tu. Siku yetu ya Taifa ya Upandaji Miti, tarehe 1 Aprili, ina afadhali, lakini nayo inaupa mche kama miezi miwili tu ya kujipanga kabla jua halijaanza kuchoma.

Wakati wa kupanda Mwanza ni vuli. Mvua ikishashika, mwishoni mwa Oktoba au Novemba, ardhi ikilowa mpaka chini. Mche wa Novemba unakunywa vuli, unapumzika kidogo Januari na Februari, unakuja kukunywa tena masika yote Machi mpaka Mei, kwa hiyo Juni ikifika mizizi imeshashuka na inajitafutia. Likizo ya Desemba watoto wakiwa nyumbani mvua ndo inamwagilia. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa kiwanda ni dogo sana na halina gharama: njooni na bango lenu tarehe 5 Juni kama kawaida, tutawapokea, ila siku hiyo tuje kuhesabu miti iliyopo na kuleta maji, kupanda tupande Novemba hata kama hakuna sherehe yoyote siku hiyo.

Sasa maji. Naomba wazazi mnivumilie hapa kidogo maana hii hesabu tumeipiga na watoto wa Darasa la Sita ubaoni na kila mtu anaweza kuirudia nyumbani. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati unapata lita moja ya maji. Darasa letu moja lina paa la kama mita 9 kwa 7, hizo ni mita za mraba 63. Mwanza kwa mwaka tunapata mvua ya kama milimita 1,000. Zidisha, ni lita 63,000 kwa paa la darasa moja tu, na hata ukitoa yale yanayomwagika na ya mvua ya kwanza inayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, bado ni maji mengi ambayo kila mwaka yanashuka hapo kwenye korongo, yanabeba udongo wetu na kwenda nao ziwani.

Upande wa pili wa hesabu: mche mmoja kiangazi cha kwanza tuupe lita tano mara mbili kwa wiki, hizo ni lita kumi, kwa wiki 16 ni lita 160. Miche 300 inataka lita 48,000. Tutazihifadhi wapi? Tenki la lita 5,000 likishajaa linafurika, mvua inayofuata yote inapotea. Lakini miche 60 inataka lita 9,600, na hizo zinaenea kwenye matenki mawili ya lita 5,000, na masika ikikolea Aprili paa la darasa moja linatosha kuyajaza yote mawili kwa mwezi mmoja. Mmeona? Idadi ya miche inatoka kwenye tenki. Kwa hiyo mgeni akiniambia nimewaletea miche 500 mimi swali langu ni moja, umekuja na matenki mangapi, na kama hakuna tenki basi tunaomba achukue miche 440 aipeleke shule nyingine saba na sisi atuachie 60 na hela ya mifereji ya bati.

Najua 60 haipendezi kwenye ripoti. Kila halmashauri nchini ina lengo la miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na maafisa wetu wanabanwa na hiyo namba, makampuni nayo yana bodi zao zinazotaka namba kubwa. Nawaelewa. Lakini miti 60 hai kwenye uwanja huu, mkubwa mkubwa, ni kivuli cha madarasa yote kukaa nje wakati bati limewaka saa nane mchana, ni mahali pa kusomea, ni matunda. Hawa watoto waliokaa juani hapa leo wamekaa juani kwa sababu miti ya ile miaka iliyopita ilihesabiwa siku ya kupandwa, basi, hakuna aliyerudi kuhesabu tena.

Nani atamwagilia? Mara nyingi wanapewa Darasa la Saba kwa sababu wana nguvu, na Darasa la Saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba na wanaondoka, kwa hiyo mti wa Novemba unakuwa hauna mwenyewe. Sisi tumeamua miti iwe ya Darasa la Tatu na la Nne. Mtoto wa la nne bado ana miaka mingine hapa shuleni, atapita na mti wake kiangazi cha kwanza na cha pili. Watoto wawili mti mmoja, mmoja akiumwa mwenzake yupo. Na kuna daftari. Naomba niwasomee ukurasa mmoja kama ulivyoandikwa, ni wa mwembe uliopandwa na klabu yenyewe, hauna mdhamini:

"Namba 14. Mwembe. Urefu sentimita 62. Majani mawili yameliwa na mbuzi. Tumeweka miiba. Maji chupa tatu. Udongo ukishika ni mbichi."

Hiyo "udongo ukishika ni mbichi" hatukumfundisha mtu. Tuliwaambia wapime urefu na waandike maji, basi. Mtoto ameingiza kidole mwenyewe kwenye udongo akajua kesho hana haja ya kumwagilia. Mimi nimefundisha muda mrefu na nawaambia wazazi, hiyo sentensi ni somo la sayansi lililokamilika.

Na mbuzi, jamani, naomba niseme hapahapa wenye mbuzi mkiwepo. Uzio wa shule hatuna, hatuwezi kumlaumu mbuzi, ila mwenyekiti wa mtaa ametukubalia kwamba mifugo isipitishwe uwanja wa shule kuanzia Novemba, na kila mche utazungushiwa miiba. Waya tukipata tutashukuru lakini miiba ya migunga ipo na haiibiwi.

Niwaambie na kuhusu kupanda kwenyewe, maana watu wazima wanalikosea sana hili na watoto wetu hawalikosei. Mche unakuja kwenye kiriba, ule mfuko mweusi. Mtu ana haraka, mgeni rasmi anasubiri, anauchomeka na kiriba chake. Ukija kuung'oa baada ya miezi unakuta mizizi imezunguka ndani ya plastiki kama kamba iliyoviringwa, haijatoka hata mmoja. Watoto wa klabu wanafanya hivi: shimo limechimbwa wiki mbili kabla, sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu umewekwa upande mmoja na wa chini upande mwingine, samadi imechanganywa na ule wa juu. Mche unamwagiliwa kwanza ili udongo ushikane. Mmoja anaushika kwa chini na kiganja, mwenzake anapasua kiriba kwa wembe kuanzia juu mpaka chini taratibu, kiriba kinavuliwa, na mzizi wa chini ukiwa umejikunja unakatwa ncha. Unawekwa shimoni wima, udongo wa juu ndo unaanza kuingia, unakanyagwa kidogo na kisigino, kinaachwa kibonde cha kushika maji, alafu majani makavu juu yake, ila yasiguse shina kwa sababu ya mchwa. Kiriba kinaingia kwenye ndoo na viriba vinahesabiwa, vikipungua vinatafutwa. Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivi vya vitalu vimeruhusiwa kwa kazi ya kilimo, lakini kikiachwa uwanjani kitaishia ziwani kama mfuko mwingine wowote.

Miti gani? Kiwanda kimetuuliza na tumefurahi sana kuulizwa, maana mara nyingi tunaletewa mikaratusi kwa sababu vitalu vinayo mingi. Mkaratusi una kazi yake, nguzo na kuni, ila sio hapa. Unakunywa maji mengi, haupaswi kuwa karibu na chanzo cha maji, na karibu na madarasa matawi yake yanavunjika na upepo wa ziwa. Tunaomba miarobaini na mikungu kwa ajili ya kivuli mbele ya madarasa, miembe iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa kikonyo cha mwembe mwingine, na michungwa upande wa nyuma, nani asiyejua machungwa ya Ukerewe, ardhi ya ziwa hili inayakubali. Mwembe wa kubebeshwa unaweza kuanza kuzaa ndani ya miaka mitatu minne kwa hiyo mtoto wa la nne ana matumaini ya kuonja tunda la mti wake akiwa bado mtoto. Mipapai na migomba iende kwenye vibuyu chirizi, pale watoto wanaponawa mikono, maji yanayomwagika yanatosha kabisa, hatuhitaji tenki kwa hiyo. Na kule bondeni kwenye korongo tupande mikuyu na mabingobingo ya kushika udongo.

Shule zilizo kabisa ufukweni naomba mkumbuke pia sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa au mto pale zinapoweza kuharibu mazingira. Watu wanaichukulia hiyo kama katazo tu, lakini ukanda huo ni mahali pazuri pa klabu za wanafunzi kurudishia mimea ya asili. Udongo na mbolea vinavyotiririka kutoka kwenye vilima vyetu ndivyo vinavyolisha gugumaji, hili jani tunalopigana nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mvuvi wa Igombe au Kayenze anajua nyavu zikinasa humo zinakuwaje.

Kabla ya kununua mche hata mmoja kuna kitu kingine cha bure. Nimezunguka na watoto uwanja wetu, kule nyuma ya vyoo na pembeni ya mawe makubwa kuna visiki vingi vinachipua kila mvua, alafu vinafyekwa wakati wa usafi. Hivyo ni miti tayari, ina mizizi ya miaka na miaka chini, haihitaji tenki. Dodoma wanaita kazi hii kisiki hai, unachagua machipukizi mawili matatu yenye afya, unapunguza mengine, unafunga kitambaa ili mtu asifyeke. Na kwa majirani zetu Shinyanga sisi Wasukuma hatuhitaji kuelezwa, wazee wetu walikuwa na ngitili, eneo linafungwa msimu wa mvua majani yaote, mifugo inaingia kiangazi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 ulirudi kwenye ngitili hizohizo na maelfu kwa maelfu ya hekta za nchi iliyokuwa imekuwa jangwa zikarudi kuwa na miti, mpaka wakapata tuzo ya Equator mwaka 2002. Sehemu kubwa ya miti ile hakuna mtu aliyeipanda, iliachwa iote. Kwa hiyo na sisi tunafunga ile kona ya nyuma ya vyoo, hiyo ni ngitili ya shule, mwalimu wa zamu naomba fyekeo lisiende kule.

Nirudi kwa wageni wetu. Ndugu zangu wa kiwanda, wenzenu wa madini kule Geita na kwingineko sheria ya madini tangu marekebisho ya 2017 inawataka waandae mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii na wakubaliane na halmashauri. Nyie wa viwanda mmekuja kwa hiari na hiyo ni heshima, ila naomba mkubali utaratibu kama huo, yaani tuandikiane. Tunaomba makubaliano ya miaka mitatu, sio siku moja. Hela isije yote mara moja. Sehemu ya kwanza ije Septemba kwa ajili ya matenki, mifereji na mashimo. Sehemu ya pili ije Oktoba mwakani, baada ya kiangazi cha kwanza, mje wenyewe mhesabu na watoto wakiwa na daftari lao, mlipe kwa miti iliyo hai. Sehemu ya tatu mwaka unaofuata vilevile. Tukizembea mtalipa kidogo na ni haki yenu. Na ndani yake kuwe na posho ya mlinzi wetu kwa likizo ya Juni, maana likizo ile yeye ndo yuko peke yake na ndoo, na tumemzoea kumwambia asante bila kitu chochote.

Kuna mzazi ameniuliza pale nje, mwalimu huoni watatukimbia ukiwawekea masharti? Mama yangu, nimefikiria hilo usiku mzima. Lakini mtu aliye tayari kuweka hela yake kwa miti iliyo hai huyo ndo anataka miti. Na kiwanda kinafaidika zaidi, kila mwaka kina habari ya kweli ya kusema, na majina ya miti.

Ombi lingine kwa kiwanda ni la watoto wenyewe, waliliandika kwenye klabu na nikaahidi nitalisoma. Wanaomba waje kuona maji ya kiwanda yanakokwenda. Mnasafisha samaki, mnatumia maji mengi, kuna mabwawa ya kusafishia maji taka kabla hayajatoka, wanaomba waone hatua kwa hatua, maji yanaingiaje na yanatokaje, na wachukue chupa moja ya kila hatua waiweke dirishani darasani walinganishe rangi. Msiwaogope. Mwaka 1991 kikundi cha wanafunzi 12 pale Dar es Salaam walimfuata Jane Goodall na maswali yao kuhusu mazingira waliyokuwa wanayaona, yule mama wa sokwe wa Gombe, na kutokana na hao vikaanza vikundi vya Roots & Shoots ambavyo leo viko nchi nyingi duniani. Watoto wakiuliza wanataka kujua. Mtoto anayemwagilia mti wenu ana haki ya kuuliza na ziwa, na nyie mkimfungulia geti mkamuonyesha mtakuwa mmempa kitu kikubwa kuliko tisheti.

La mwisho na mwalimu mkuu ananiangalia saa. Jiko letu. Uji wa watoto tunapika kwa kuni, na serikali imeshazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Hatuwezi kupanda mbele tukachoma nyuma. Kamati ya shule imeshaanza kuulizia jiko la gesi au la mkaa mbadala na kama kiwanda au mzazi yeyote anaweza kusaidia hapo aonane na mwenyekiti wa kamati, amevaa kofia nyeupe pale.

Makubaliano yameandikwa, kurasa mbili, yako mezani kwa mwalimu mkuu. Meneja ukitaka kusaini leo sawa, ukitaka kuyapeleka kwanza kwa mwanasheria wenu pia sawa, ila tunaomba jibu kabla Septemba haijaisha, maana mifereji inatakiwa iwe juu ya bati kabla ya mvua ya kwanza na mashimo 60 yanachukua muda kuchimba kwenye mawe haya. Wazazi wenye sururu mjiandikishe kwa mwalimu wa zamu pale mlangoni, tunaanza Jumamosi saa moja asubuhi.